Nambari ya OB Humlinda Raia, Humlinda na Askari

Novemba 10, 2012, kikosi cha polisi wa Kenya kiliingia Bonde la Suguta, karibu na Baragoi huko Samburu, kikifuata nyayo za mifugo iliyoibwa. Wengi walikuwa vijana waliotoka chuoni muda mfupi kabla, na bonde lile hawakulijua. Waliokuwa wakifuatwa walilijua vizuri. Zaidi ya maafisa 40 waliuawa, na miili ya baadhi yao ilikaa juani kwa siku kadhaa kabla ya kuondolewa. Polisi wa Kenya hawajawahi kupoteza watu wengi kiasi hicho katika shambulio moja.

Juni 2016, wakili Willie Kimani alitoka katika Mahakama ya Mavoko akiwa na mteja wake, mwendeshaji bodaboda aliyekuwa amelalamika rasmi kwamba afisa wa polisi alimpiga risasi. Wawili hao na dereva wao wa teksi walitekwa njiani, wakafungiwa katika kambi ya polisi tawala ya Syokimau, kisha wakauawa na miili yao ikatupwa mtoni Ol Donyo Sabuk. Walipokuwa kizuizini, kipande cha karatasi ya msalani chenye ombi la msaada kilirushwa nje, mpita njia akakiokota na kupiga simu. Karatasi hiyo ilikuwa sehemu ya ushahidi. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Februari 2023 afisa mmoja alihukumiwa kifo, na wenzake wakafungwa miaka kati ya 20 na 30.

Visa hivi viwili huwa havisimuliwi katika kikao kimoja. Cha kwanza husimuliwa na wanaowahurumia polisi, cha pili na wanaowaogopa, na kila upande huona mwenzake hana haki ya kulia. Hapa vimewekwa pamoja kwa makusudi. Polisi asiyeaminiwa hapewi habari, na asiyepewa habari huingia mtegoni. Raia asiyewaamini polisi hakanyagi kituoni, na asiyekanyaga kituoni hana rekodi yoyote ya yaliyompata. Tiba kubwa, ya kurekebisha uongozi, mishahara na mafunzo, ni wajibu wa serikali. Lakini ipo sehemu ambayo mtu wa kawaida anaiweza leo, bila kusubiri jopo wala tume: kuhakikisha kila jambo linalopita kati yake na polisi limeandikwa, lina nambari na lina jina la afisa aliyelishughulikia.

Kutoaminiana huku kuna historia ndefu. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilisababishwa na risasi. Baada ya hapo likaja jopokazi la Jaji Philip Ransley la 2009, Katiba ya 2010, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, na sheria nyingine ya mwaka huo huo iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA. Kwenye karatasi, Kenya ina mfumo wa kuwasimamia polisi ambao nchi nyingi za Afrika hazina. Mitaani mambo ni tofauti. Kwa miaka mingi tafiti za Transparency International kuhusu hongo katika Afrika Mashariki zimewaweka polisi wa Kenya juu ya orodha. Na Juni 2025, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia katika kituo cha polisi cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Wataalamu waliopasua maiti wakasema majeraha yake hayakulingana na maelezo hayo. Inspekta Jenerali Douglas Kanja alilazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza, na maafisa wa polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji hayo.

Mwananchi aliyeyasikia yote hayo akiambiwa awaamini polisi tu, atacheka. Hilo halimo katika ushauri wa makala hii. Imani haiombwi, hujengwa kwa vitendo vinavyoweza kukaguliwa, na ndiyo maana maandishi yana nguvu kuliko maneno matamu ya barazani.

Mwanzo mzuri ni siku ambayo hakuna shida yoyote. Watu wengi wa mijini hawajui mtaa wao uko chini ya kituo gani. Hudhani ni kile kilicho karibu, kumbe mipaka ya vituo haifuati umbali wa miguu, na siku nyumba inapovunjwa hupoteza saa nzima wakirushwa huku na huko. Msomaji aulize mapema: kituo kinachosimamia mtaa wake ni kipi, mkuu wa kituo ni nani, simu ya kaunta ni ipi. Nambari za dharura za polisi Kenya ni 999, 112 na 911, lakini simu ya kaunta ya kituo chenyewe mara nyingi huleta gari haraka zaidi. Ni vyema pia kuhudhuria baraza la usalama angalau mara moja. Sheria ya 2011 ilianzisha kamati za polisi na jamii ili raia wapate mahali pa kusema kero zao kabla hazijazaa maiti. Pamoja na hizo kuna Nyumba Kumi, mpango ambao serikali ya Kenya iliuzindua 2013 kwa kuazima utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi uliokuwapo Tanzania tangu enzi za TANU.

Nyumba Kumi imefanya kazi vizuri katika baadhi ya mitaa, na katika mingine imegeuka kuwa umbea. Tofauti iko katika kinachoripotiwa. Habari yenye faida kwa polisi hueleza kitendo, mahali na saa: pikipiki isiyo na nambari imeegeshwa mara tatu usiku kando ya duka fulani, au chumba kimekodishwa na watu wanaobeba mizigo saa nane usiku. Habari isiyofaa hueleza mtu tu: ni mgeni, ni wa kabila fulani, ana ndevu, haongei na majirani. Ya aina ya pili huwaingiza wasio na hatia seli na kuwapotezea polisi muda ambao mhalifu anautumia.

Sasa barabarani, ambako ndiko Wakenya wengi hukutana na polisi. Afisa anayesimamisha gari saa nne usiku hajui aliye ndani, na anajua kwamba wapo wenzake waliouawa na majambazi waliotaka bunduki tu. Dereva naye hajui kama aliyemsimamisha ni polisi wa kweli, mlafi wa hongo au jambazi aliyevaa sare. Woga huo wa pande mbili ndio hatari yenyewe. Dereva awashe taa ya ndani, aweke mikono juu ya usukani, asichomoe kitu mfukoni au chini ya kiti kabla ya kusema anachotaka kuchukua. Salamu ya kawaida, "Habari ya kazi, afande," hupunguza joto la pande zote mbili. Kisha aangalie kifua cha afisa. Kanuni za Kenya zinamtaka polisi aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana wazi. Asiye na sare anapaswa kujitambulisha kwa cheti chake cha kazi. Kuuliza jina na kituo si utovu wa adabu, mradi kuulizwe kwa sauti ya chini. Kama mahali ni pa giza na mashaka ni makubwa, dereva anaweza kuomba kwa heshima mazungumzo yaendelee katika kituo kilicho karibu.

Kuhusu kitu kidogo, ukweli usemwe. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea, kwa hiyo abiria na madereva wanaolaumu polisi huku wakikunja noti ndani ya leseni wako katika kosa lile lile. Tena kuna jambo zito zaidi ya sheria. Kizuizi cha barabarani ambacho matatu hupita bila kukaguliwa kwa shilingi 100 ni kizuizi ambacho bunduki pia hupita bila kukaguliwa, na risasi za bunduki hiyo zinaweza kurudi kwa polisi yule yule. Mwenye kosa la kweli aombe ashtakiwe au alipe faini kwa njia rasmi, apewe risiti. Ni gharama, ni usumbufu, na mara nyingine ni siku nzima mahakamani. Hata hivyo ndiyo njia pekee inayomnyima mla rushwa chakula chake.

Kituoni, kila jambo huanzia kwenye OB, kitabu cha matukio ambamo afisa wa kaunta huandika kila ripoti kwa nambari, tarehe na saa. Kuondoka kituoni bila nambari hiyo ni sawa na kutokwenda kabisa. Mlalamikaji aiandike, aipige picha kama ameruhusiwa, amtumie ndugu kwa simu. Aandike pia jina la afisa aliyempokea na, baada ya siku chache, la mpelelezi aliyekabidhiwa faili. Anapotoa taarifa ndefu, asomewe au aisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi, na kama kuna sentensi ambayo hakuisema, ikatwe na marekebisho yatiwe sahihi. Kesi nyingi hufia hapo. Wakili wa mshtakiwa huchukua taarifa ya polisi, akaishindanisha na maneno ya shahidi kizimbani, akapata tofauti moja ndogo, na mambo yakaishia hapo.

Aliyejeruhiwa anahitaji fomu ya P3, ambayo hutolewa bure. Sehemu moja hujazwa na polisi, nyingine na daktari. Aliyebakwa au kunajisiwa aende hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Asioge, asifue nguo, na nguo hizo zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Simu ya bure ya 1195 hutoa msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Kituoni ana haki ya kuomba dawati la jinsia au afisa wa kike, na anayemsindikiza asikubali maelezo hayo yatolewe kaunta mbele ya watu wanaosubiri kuripoti simu zilizopotea.

Kukamatwa kunahitaji utulivu ambao ni vigumu kuupata saa hiyo, kwa hiyo ufikiriwe mapema. Mtu asipigane wala asikimbie, hata kama kukamatwa kwenyewe si halali. Uhalali hujadiliwa mbele ya hakimu, si kichochoroni. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinampa haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Kinampa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima, na ya kutolazimishwa kukiri. Anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zinakwisha nje ya muda wa kazi. Mwanya huo wa mwisho ndio uliozaa kile Wakenya wanachokiita kamatakamata ya Ijumaa: mtu huchukuliwa Ijumaa jioni ili alale seli hadi Jumatatu. Familia isikae ikilia nyumbani wikendi nzima. Isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji au wizi wa mabavu, mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachilia mshukiwa kwa bondi hata Jumamosi usiku. Bondi ya polisi haina malipo. Ikiwa ni dhamana ya fedha taslimu, risiti itolewe papo hapo, na fedha hizo hurudishwa. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema mtu huyo asiwekwe rumande.

Ndugu wanaomtafuta aliyekamatwa waulize jambo moja kabla ya mengine yote: ameandikwa kwenye OB ya kituo gani? Wakiambiwa hayupo, waulize kituo kinachofuata, waandike saa waliyouliza na jina la aliyewajibu, na wapige simu kwa wakili au shirika la msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria. Kuwahi ni muhimu. Mtu aliyeandikwa kitabuni ana afisa anayewajibika kwa uhai wake. Huyo afisa naye ana ngao yake hapo: ikiwa mshukiwa aliingia akiwa tayari ameumizwa na umati, na hali yake ikaandikwa saa ile ile, hakuna atakayemsingizia askari wa zamu baadaye.

Anayetaka kulalamika dhidi ya polisi ana milango zaidi ya mmoja. Anaweza kuanzia kwa mkuu wa kituo, kwenda kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi wenyewe, au kwenda moja kwa moja IPOA, ambayo hupokea malalamiko bila malipo, kwa mdomo au kwa maandishi, kutoka kwa aliyetendewa au mtu mwingine kwa niaba yake. IPOA haihukumu. Huchunguza, kisha hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hukumu yake ya kwanza ilipatikana Februari 2016, Mombasa, pale maafisa wawili walipofungwa miaka saba kwa kumuua bila kukusudia msichana wa miaka 14 huko Kinango, Kwale. Tangu tukio la Agosti 2014, familia ile maskini ilisubiri mwaka mmoja na nusu. Kesi ya Kimani ilichukua miaka sita kabla ya hukumu. Mlalamikaji ajiandae kwa safari ndefu, na atunze vitu vyake: nguo zenye damu, cheti cha hospitali, picha za majeraha zenye tarehe, majina ya mashahidi. Anayetishwa kwa sababu ya ushahidi wake anaweza kuomba msaada wa Shirika la Ulinzi wa Mashahidi. Katika kifo, familia isiharakishe kuzika. Iombe daktari wake awepo wakati wa kupasua maiti.

Video imekuwa shahidi mkubwa wa miaka hii. Juni 17, 2025, muuzaji wa barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu katika barabara ya Nairobi. Picha zilisambaa siku hiyo hiyo, afisa akakamatwa na baadaye kushtakiwa. Kijana huyo alifariki hospitalini kabla mwezi haujaisha. Mwezi Aprili mwaka huo BBC ilikuwa imetoa filamu iliyotumia picha na video zaidi ya 5,000 za umma kuonyesha waliowapiga risasi waandamanaji nje ya Bunge Juni 25, 2024. Anayerekodi asimame mbali, asizuie kazi, asipige kelele za kuchochea, na ahifadhi faili asili bila kulikata wala kulipamba kwa muziki. Mahakama huitaka video ile ya kwanza, yenye saa yake.

Lakini simu hiyo hiyo inaweza kuua polisi. Wakati wa shambulio la kigaidi au operesheni inayoendelea, kutangaza mubashara mahali vikosi vilipojificha ni kumpa adui ramani. Katika shambulio la jumba la maduka la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, Wakenya walijifunza jinsi habari za mitandaoni zinavyoenda mbio kuliko waokoaji. Anayerekodi operesheni asiyoielewa arekodi, ahifadhi, na asubiri imalizike.

Hatari ya mashambulio ya kigaidi ni ya kila mwaka kaskazini mashariki na Lamu. Juni 2023, maafisa wanane waliuawa Garissa gari lao lilipokanyaga kilipuzi kilichotegwa barabarani. Machi 2025, askari sita wa akiba waliuawa alfajiri katika kambi yao ya Biyamadhow, kaunti hiyo hiyo. Kilipuzi cha barabarani huchimbiwa na mtu, na anayechimba barabara huonekana na mchunga mbuzi, mwokota kuni au dereva wa lori. Mchunga huyo husema au hunyamaza kulingana na alivyotendewa na doria iliyopita. Ikiwa doria ilimpiga mwanawe, atanyamaza.

Pwani kuna sura yake ya uchungu. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wamejiunga na Al-Shabaab wakitaka kurudi. Wazazi wa Kwale na Mombasa walilikaribisha wazo hilo kwa moyo mzito, kwa sababu walikuwa wameona vijana washukiwa wakiuawa au kutoweka. Mama anayejua mwanawe amevuka mpaka ndiye mwenye habari ambayo polisi wanaihitaji kuliko mtu yeyote. Asiende kituoni peke yake. Apitie kwa shirika la haki kama Haki Africa au MUHURI, kwa imamu anayeaminika au kwa wakili, jina la mwanawe liandikwe mbele ya mashahidi, na makubaliano yawe na nakala. Kwa njia hiyo kijana ana nafasi ya kubaki hai, na polisi wanapata habari ambayo bunduki haiwezi kuwaletea.

Juni 25, 2025, katika maandamano ya kuadhimisha mwaka mmoja tangu vijana wauawe nje ya Bunge, vituo kadhaa vya polisi vilichomwa, na mahakama ya Kikuyu pia. Hasira ilikuwa na sababu, na vijana waliuawa siku hiyo pia. Hata hivyo kinachoungua katika kituo ni OB, ni faili la mwanamke aliyebakwa mwezi uliopita, ni kisu chenye damu kilichosubiri kesi, ni malalamiko ya mtaa mzima dhidi ya afisa mmoja mbaya. Afisa huyo ndiye anayefaidika na moto ule kuliko wote. Waandamanaji na viongozi wao wavilinde vituo kama wanavyolinda hospitali. Na afisa akianguka amejeruhiwa, asaidiwe. Mwaka 2024 afisa mmoja mjini Nairobi alipoteza mikono yote miwili baada ya kopo la gesi ya kutoa machozi kumlipukia.

Familia za polisi pia zina neno la kuambiwa. Desemba 2021, konstebo mmoja wa Nairobi alimuua mkewe kwa risasi, akatoka nje kuwapiga watu wengine barabarani, kisha akajiua. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililotoa ripoti yake 2023, lilikuta huduma iliyochoshwa na makazi duni, uhamisho usio na utaratibu, ufisadi katika ajira na msongo wa mawazo usiotibiwa. Mke, mume au jirani wa kambini akiona afisa halali usiku, analewa akiwa na silaha, anazungumzia kufa au anatishia watu wa nyumbani, asimfichie aibu. Amwambie mkuu wake, kasisi au imamu wa kikosi, au kitengo cha ushauri nasaha cha Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na aombe waziwazi silaha irudishwe ghalani kwa muda. Kunyang'anywa bunduki kwa wiki mbili hakujamwachisha mtu kazi kwa haraka kama kesi ya mauaji.

Msomaji wa Tanzania atayakuta mambo haya kwa majina mengine: RB mahali pa OB, PF3 mahali pa P3, na dhamana ambayo kule pia ni haki isiyolipiwa. Machungu nayo yanafanana. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa Kibiti, na 2023 Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikapendekeza mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi.

Kwa afisa anayesoma ukurasa huu, ombi ni dogo. Vaa nambari yako mahali inapoonekana. Mwandikie mlalamikaji nambari ya OB kabla hajaiomba. Mwambie unayemkamata sababu, hata kama anakutukana. Ukilazimika kutumia nguvu na mtu akaumia, ripoti kwa mkuu wako saa hiyo hiyo kama sheria inavyokutaka, kwa sababu ukweli ulioandikwa mapema utakusaidia kuliko uongo wa wenzako utakaoporomoka chini ya kisu cha daktari.

Na kwa raia, kabla ya kulala leo: ingiza katika simu nambari ya kaunta ya kituo chako, 999 na 112 za dharura, 1195 ya ukatili wa kijinsia, na 1559, simu ya bure ya IPOA. Mfundishe na kijana wa nyumbani maana ya kila moja.